Kibla, kivuli na ubao wa darasani: kwa nini watoto wetu wanaikimbia jometri?

 

Ndugu msomaji, Imam Bukhari amepokea kutoka kwa Abdallah bin Mas'ud (RA) kwamba siku moja Mtume (SAW) aliwachorea Masahaba wake mraba. Kisha akachora mstari uliopita katikati ya mraba ule na kutokeza nje yake, na pembeni mwa mstari huo akachora vistari vidogo vidogo. Halafu akawaeleza: mstari wa katikati ni mwanadamu, mraba uliomzunguka ni ajali yake, yaani muda wa kuishi aliokadiriwa, sehemu inayotokeza nje ni matumaini yake, na vile vistari vidogo ni misukosuko ya dunia, kikimkosa hiki humpata kile.

Masheikh wetu huisimulia Hadithi hii wanapozungumzia mauti na tamaa, na ndipo mahali pake. Leo tunaomba ruhusa ya kuitazama kwa jicho la mwalimu. Mbora wa waalimu alikuwa na jambo gumu la kufundisha, nalo ni uhusiano wa mwanadamu, umri wake na tamaa zake. Alianza kwa kuchora. Wanafunzi wakatazama, wakajiuliza, kisha maelezo yakafuata. Mchoro ulitangulia maneno.

Ubao uliojaa kanuni

Ni tofauti iliyoje na yale yanayopita katika madarasa yetu mengi ya Hisabati! Mwalimu huingia, hugeukia ubao, huandika kwamba eneo la pembetatu ni nusu ya kitako mara kimo, hufanya mifano miwili, kisha hutoa maswali kumi. Mtoto hunakili. Akiulizwa kwa nini iwe nusu na si theluthi, hana jibu, na mara nyingi hakuna aliyewahi kumwuliza. Lau angepewa karatasi ya mstatili na mkasi, akaikata kutoka kona moja hadi kona iliyo mkabala, angeziona kwa macho yake pembetatu mbili zinazolingana, akaziweka moja juu ya nyingine zikafunikana. Nusu ile isingemtoka tena kichwani, wala asingehitaji fimbo ya kumkumbusha.

Hatumlaumu mwalimu peke yake. Darasa lenye wanafunzi sabini au zaidi, lenye bikari moja ya mbao isiyoshika vizuri chaki, si mahali pepesi pa kufundishia uchoraji. Wapo wanafunzi wasio na mkebe wa vifaa vya Hisabati, na wengine wanao mkebe ambao bikari yake ililegea siku ya pili. Muhtasari nao ni mrefu na mtihani hausubiri, basi mwalimu huona njia ya mkato ni kukaririsha.

Lakini matokeo yake yanatisha. Katika mtihani wa Kidato cha Nne nchini Tanzania, Hisabati imekuwa kwa miaka mingi somo lenye ufaulu duni. Mwaka 2021 na mwaka 2022, takriban mtahiniwa mmoja tu katika kila watano ndiye aliyefaulu somo hilo. Jometri si Hisabati yote, ni kweli, lakini imo kila mahali: maumbo na maeneo, pembe, mfanano wa pembetatu, kanuni ya Pythagoras, duara, trigonometria, na ile mada ya dunia kama tufe. Kijana aliyeshindwa hapo amejifungia mlango wa uhandisi, wa upimaji ardhi, wa usanifu wa majengo, na hata wa unahodha, kazi ambayo babu zake wa pwani waliifanya kwa kutazama nyota.

Liko pia jambo la lugha. Katika shule za msingi za serikali za Tanzania Bara mtoto husoma kwa Kiswahili. Anajua mraba, mstatili, duara, nukta. Akiingia Kidato cha Kwanza, majina yote hayo hubadilika ghafla kuwa ya Kiingereza, naye hudhani amekutana na vitu vipya kabisa. Mzazi wa Kiislamu ana nafasi ya kusaidia hapa kuliko anavyofikiri, kwa kuwa maneno yale ya Kiswahili ni ndugu wa karibu na Kiarabu ambacho mtoto anakisoma chuoni. Mraba umetokana na mzizi mmoja na arba'a, nne. Duara na daira ni nyumba moja. Mtoto anayejua maana ya jina la umbo katika lugha anayoielewa hapotezi umbo lenyewe jina linapobadilishwa.

Macho kwanza, hoja baadaye

Mwaka 1957, mume na mke wa Kiholanzi, Pierre van Hiele na Dina van Hiele-Geldof, wote wawili waalimu wa Hisabati, waliwasilisha tasnifu zao katika Chuo Kikuu cha Utrecht. Walikuwa wamesumbuliwa na swali ambalo kila mwalimu wa jometri hulijua: kwa nini mwanafunzi mwenye akili timamu, anayesikiliza kwa makini, hushindwa kuelewa hoja iliyo wazi kabisa kwa mwalimu wake?

Jibu lao lilikuwa kwamba ufahamu wa maumbo hupanda kwa daraja. Mwanzoni mtoto hulitambua umbo kwa sura yake tu. Kwake mraba ni mraba kwa sababu unafanana na dirisha au kigae. Ukiuinamisha ukasimama kwa kona moja, atakwambia si mraba tena. Baadaye huanza kuziona sifa: pande nne sawa, pembe nne za nyuzi 90. Tena baadaye sana ndipo huona kwamba sifa moja huzaa nyingine, na kwamba kila mraba ni mstatili lakini si kila mstatili ni mraba. Baada ya hapo tu ndipo anapoweza kufuata uthibitisho kamili, hatua kwa hatua, na kuujenga mwenyewe.

Daraja hizi hazirukwi, na umri peke yake haumpandishi mtu. Kinachompandisha ni kazi: kukata, kukunja, kupima, kuchora na kusema kwa maneno yake alichokiona. Mwalimu anapozungumza kutoka daraja ya tatu na mwanafunzi akiwa daraja ya kwanza, wanatumia maneno yaleyale lakini hawaelewani. Mwanafunzi basi hufanya anachoweza, hukariri. Tunavyoona sisi, hapa ndipo penye mzizi wa tatizo, wala si kwamba watoto wetu wana vichwa vigumu au kwamba wasichana hawakuumbiwa Hisabati, maneno ambayo bado yanasikika katika baadhi ya nyumba na ni dhuluma kwa mtoto.

"Hiyo ni elimu ya dunia"

Baadhi ya wazazi wataona ajabu kuisoma habari hii katika ukurasa wa Ijumaa. Jometri ina nini na dini? Swali hilo lilikwisha kujibiwa zamani. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika Ihya aliihesabu elimu ya hesabu, pamoja na tiba, kuwa ni fardhi kifaya: mji ukikosa mtu wa kuisimamia, watu wa mji wote wana dhambi. Kuhusu jometri aliandika kwamba ni elimu iliyoruhusiwa. Na katika kitabu chake cha Al-Munqidh alimwonya yule anayedhani anainusuru dini kwa kuzikanusha elimu zenye uthibitisho wa hakika. Mtu wa namna hiyo, kwa maoni yake, huidhuru dini, kwa kuwa mwenye kuujua uthibitisho atadhani Uislamu umejengwa juu ya ujinga.

Lipo kundi la pili, nalo kosa lake ni tamu zaidi. Hawa huipenda sana historia. Katika mihadhara yetu utasikia majina ya Al-Khwarizmi, Al-Biruni na Umar Khayyam yakitajwa kwa sauti ya juu, takbira zikafuata, kisha vijana hurejea nyumbani bila ya kuchora hata pembetatu moja. Tuseme kweli: Waislamu hawakuianzisha jometri. Waliipokea kutoka kwa Wayunani na Wahindi, kwa unyenyekevu, wakaifanyia kazi. Kitabu cha Euclid, kinachojulikana kwa Kiarabu kama Al-Usul, kilifasiriwa na Al-Hajjaj bin Yusuf bin Matar katika zama za Harun al-Rashid, kisha akakirudia katika zama za Al-Ma'mun, aliyetawala Baghdad kutoka mwaka 813 hadi 833. Baadaye Is-haq bin Hunayn akakifasiri upya, na Thabit bin Qurra, aliyefariki mwaka 901, akaisahihisha tafsiri hiyo. Watu hao walirudia kazi moja mara kadhaa kwa sababu walitaka kuielewa. Thabit hakuishia hapo, bali aliipanua kanuni ya Pythagoras ikaenea pembetatu za kila aina.

Mafundi na wanahandasa wa Baghdad

Katika wote hao, anayepaswa kusomwa zaidi na waalimu wetu wa leo ni Abul-Wafa al-Buzjani, aliyezaliwa mwaka 940 na kufariki Baghdad mwaka 998. Alikuwa mwanahisabati mkubwa wa wakati wake, lakini aliandika kitabu kizima kwa ajili ya mafundi, kuhusu wanayoyahitaji katika uchoraji wa maumbo. Humo anasimulia kwamba alihudhuria kikao kilichowakutanisha mafundi na wanahandasa, likaulizwa swali: mtu ana vipande vitatu vya mraba vilivyo sawa, afanyeje apate mraba mmoja mkubwa?

Wanahandasa waliweza kuupata kwa hoja urefu wa upande wa mraba ule mkubwa, lakini hawakuweza kuwaonyesha mafundi wakate wapi. Mafundi nao walikuwa na njia zao za kukata, na baadhi yake zilipendeza machoni, ila zikipimwa kwa hoja zilikuwa na kasoro. Abul-Wafa aliona upungufu wa pande zote mbili. Fundi hutosheka na kinachoonekana sawa, na mwanahandasa hutosheka na hoja bila ya kuujua ugumu wa kazi ya mkono.

Njia yake ni hii, na mzazi aweza kuijaribu leo jioni na watoto kwa karatasi. Kateni miraba mitatu iliyo sawa. Miwili ikateni kwa ulalo, kona hadi kona, mpate pembetatu nne. Mraba wa tatu uwekeni katikati. Sasa zipangeni pembetatu zile kuuzunguka, moja kila upande, ule upande mrefu wa pembetatu ulale juu ya upande wa mraba, uanzie kwenye kona na kuchomoza upande wa pili. Zote zifuate mzunguko mmoja kama mapanga ya feni. Chukueni rula, unganisheni zile kona nne za nje zenye nyuzi 90. Mmepata mraba mkubwa. Vipande vidogo vinne vinavyojitokeza nje ya mistari vikateni, navyo vitaziba mapengo manne yaliyobaki ndani, bila ya kuzidi wala kupungua.

Mtoto atafurahi. Hapo muulizeni: je, vimeziba kweli, au vinaonekana tu kuziba? Umejuaje? Swali hilo ndilo linalomtoa kwa mafundi na kumpeleka kwa wanahandasa, na shule nyingi haziliulizi kwa sababu hazikumpa kwanza cha kukata.

Vifaa vya kuulizia maswali kama hayo vimejaa nyumbani mwetu. Mama au dada anayeshona kofia anajua kwamba kipande cha juu cha duara lazima kilingane na ukanda unaokizunguka. Kofia ya mtu mzima yenye kipenyo cha sentimita 18 huchukua ukanda wa sentimita 56 na nusu hivi. Mpeni mtoto kofia tatu za ukubwa tofauti na utepe wa kupimia, agawanye mzunguko wa kila moja kwa kipenyo chake. Kila mara atapata tatu na kitu kidogo, kitu kilekile, na hapo ile hesabu ya 22 kwa 7 iliyoandikwa ubaoni itakuwa na maana. Akitaka kujua kitu hicho kidogo ni kiasi gani, aambiwe kwamba Ghiyath al-Din al-Kashi wa Samarkand alikikokotoa mwaka 1424 hadi tarakimu 16 baada ya nukta. Fundi mwashi anayepanga msingi wa nyumba naye hupima futi 3 upande huu, futi 4 upande ule, na kuhakikisha kutoka ncha hadi ncha ni futi 5, ndipo akajua kona yake imekaa sawa. Mtoto aliyemshikia fundi kamba siku hiyo ameishika kanuni ya Pythagoras mkononi kabla ya kuisoma.

Kibla si kaskazini kwa kila mtu

Tuje sasa kwenye jambo linalomhusu kila anayeswali. Katika Surat al-Baqara, aya ya 144, tumeamrishwa tuelekeze nyuso zetu upande wa Msikiti Mtukufu popote tulipo. Sisi wa pwani Allah ametusahilishia, kwa kuwa Makka iko karibu juu yetu kabisa kwenye ramani. Kutoka Mombasa kibla ni kaskazini halisi, tofauti haifiki hata nusu ya nyuzi moja. Kutoka Dar es Salaam na Unguja ni takriban nyuzi moja tu kuelekea mashariki ya kaskazini. Ndiyo maana katika Kiswahili cha wazee neno kibla lilikuwa pia jina la upande wa kaskazini.

Lakini mtu akihama kutoka Dar es Salaam akaenda Mwanza, kibla chake kinasogea takriban nyuzi 15 upande wa mashariki. Akifika Ujiji ni nyuzi 20. Mwenye kujenga msikiti huko kwa mazoea ya pwani amekosea pakubwa. Na kosa dogo likienda mbali hukua: kutoka Dar es Salaam, nyuzi moja tu ya kupotoka hupeleka mstari zaidi ya kilomita 50 pembeni ya Makka. (Haya si ya kuvunjia misikiti wala kugombania mazulia. Wanazuoni wametofautiana, na wengi wao wamesema aliye mbali inamtosha kuuelekea upande. Tunazungumzia elimu, si fitina.)

Ndugu zetu walioko Amerika Kaskazini wana kisa kigumu zaidi. Ukiitazama ramani bapa ya ukutani, Makka inaonekana kusini mashariki mwa New York. Lakini dunia ni tufe, na njia fupi kutoka New York kwenda Makka huanza kwa kuelekea kaskazini mashariki, takriban nyuzi 58 kutoka kaskazini. Chukua mpira wa watoto, weka alama mbili, vuta uzi wa cherehani kati yake uwe umenyooka barabara, nawe utaona jinsi uzi unavyopanda juu. Al-Biruni, aliyeishi kutoka mwaka 973 hadi 1048, aliandika kitabu kizima, Tahdid Nihayat al-Amakin, alichokimaliza mwaka 1025, ili kuainisha mahali ulipo mji wa Ghazna na kupata kibla chake kwa jometri ya tufe. Kazi hiyo leo inafanywa na simu ya mkononi, na hakuna ubaya kuitumia. Lakini simu humwonyesha kijana upande wa kuelekea tu, naye hana njia ya kujua kama imemdanganya.

Fimbo, kivuli na ukubwa wa dunia

Nyakati za Swala nazo ni jometri. Katika Hadithi ya Jibril (AS) kumswalisha Mtume (SAW), iliyopokewa na Tirmidhi na Abu Daud, wakati wa Alasiri ulibainishwa kwa kivuli cha kitu kulingana na urefu wake. Kwa madhehebu ya Imam Shafi yanayofuatwa na wengi wetu, Alasiri huingia kivuli kinapofikia urefu wa kitu chenyewe, ukiacha kile kilichokuwapo jua lilipokuwa kichwani. Siku za mwanzo wa Machi na zile za karibu na tarehe 10 Oktoba, jua la adhuhuri hupita juu ya Dar es Salaam na kivuli kikatoweka kabisa. Siku hizo, Alasiri inapoingia, fimbo na kivuli chake hufanya pembetatu yenye pande mbili sawa, na jua liko nyuzi 45 juu ya upeo. Mtoto atoke nje na fimbo yake aone. Aya ya 45 ya Surat al-Furqan inatutaka tutazame jinsi Mola wetu anavyokitandaza kivuli na kulifanya jua kuwa kiongozi wake. Nani amewahi kumpeleka mwanawe uani kutazama?

Misikiti mikubwa iliweka mtu maalumu wa nyakati, muwaqqit. Ibn al-Shatir aliifanya kazi hiyo katika Msikiti wa Bani Umayya mjini Damascus, na mwaka 1371 akautengenezea mnara wake saa ya kivuli.

Liko zoezi moja ambalo tungependa kila chuo na kila shule yenye watoto wa Kiislamu lifanyike. Mara mbili kwa mwaka jua hupita juu ya Al-Kaaba barabara: tarehe 27 au 28 Mei, saa 6 na dakika 18 mchana, na tarehe 15 au 16 Julai, saa 6 na dakika 27 mchana. Saa ya Makka na ya Afrika Mashariki ni moja, hivyo hakuna haja ya kujumlisha wala kutoa. Dakika hiyo, kila kivuli cha kitu kilichosimama wima, popote jua linapoonekana, huwa kimekipa mgongo kibla. Simamisha fimbo ya mita moja mahali palipo tambarare, ihakikishe kwa timazi kwamba imesimama sawa, na saa ikitimia weka alama kwenye ncha ya kivuli. Mstari kutoka ncha hiyo kwenda kwenye shina la fimbo unaelekea Makka. (Watoto wakatazwe kulitazama jua lenyewe.)

Wengi huishia hapo. Darasa la jometri ndipo linapoanzia. Pimeni kivuli. Mkiwa Dar es Salaam kitakuwa takriban sentimita 54. Rudini darasani, chora pembetatu yenye pembe ya nyuzi 90, upande wa fimbo sentimita 10 na upande wa kivuli sentimita 5.4, kisha pimeni kwa pimapembe ile pembe iliyo juu, kwenye ncha ya fimbo. Mtapata nyuzi 28 hivi.

Nyuzi 28 za nini? Mwalimu achore duara la dunia. Makka, jua liko juu ya kichwa, kwa hiyo mwale wake, lau ungeipenya ardhi, ungefika kwenye kitovu cha dunia. Fimbo yetu iliyosimama wima Dar es Salaam, nayo ikirefushwa chini, ingefika kwenye kitovu hichohicho. Miale ya jua, kwa umbali wake mkubwa, hutufikia ikiwa sambamba. Basi tuna mistari miwili sambamba, yaani mwale wa Makka na mwale wa Dar es Salaam, na mstari wa fimbo unaikata yote miwili. Kila mtoto wa sekondari ameandikiwa ubaoni kwamba katika hali hiyo pembe mbadala ni sawa. Kwa hiyo pembe ya nyuzi 28 iliyo kwenye ncha ya fimbo ndiyo pembe iliyoko kwenye kitovu cha dunia, kati yetu na Al-Kaaba.

Ramani inatuambia kutoka Dar es Salaam hadi Makka kwa mstari wa moja kwa moja ni takriban kilomita 3,140. Ikiwa nyuzi 28 ni kilomita 3,140, nyuzi 360 za duara zima ni ngapi? Zidisha kwa 360, gawanya kwa 28. Jibu ni kilomita 40,000 na mia tatu na ushei, na mzingo wa dunia unaojulikana ni kama 40,000. Kwa fimbo ya ufagio na penseli, watoto wa Temeke au Tandika wameipima dunia.

Njia hiyo ni ya Eratosthenes, Myunani aliyeishi Misri karne ya tatu kabla ya Nabii Isa (AS). Khalifa Al-Ma'mun hakutaka kuipokea kwa taklidi. Aliwatuma wanazuoni wake hadi uwanda wa Sinjar, kaskazini mwa Iraq, wakatembea na kupima ardhi kuelekea kaskazini na kusini mpaka nyota ya kaskazini ilipobadilika kwa nyuzi moja, wakapata maili za Kiarabu 56 na theluthi mbili kwa kila nyuzi. Al-Biruni naye, akiwa Nandana katika nchi ya Pakistan ya leo, alipanda mlima mmoja tu, akapima urefu wake na jinsi upeo wa macho ulivyoinama chini ya usawa, akapata nusu kipenyo cha dunia bila ya kutembea jangwani.

Mwezi Mei mara nyingine mawingu ya masika huwa hayajaondoka, kwa hiyo atakayelikosa jua siku hiyo atayarishe fimbo yake kwa ajili ya Julai. Aliyeko Mombasa atarajie kivuli cha takriban sentimita 48, kwa kuwa yuko karibu zaidi na Makka. Aliyeko Mwanza sentimita 46. Aliyeko Ujiji atapata 54, sawasawa na mwenzake wa Dar es Salaam, ingawa kivuli chake kitalala upande mwingine na ingawa nchi nzima iko kati yao. Mtoto akiuliza imekuwaje, mpeni mpira na uzi.